Maneno Matano ya Bibi Aniceta

"Leo ni tarehe ngapi, Bibi?"

"Kwani wewe daktari huna kalenda?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza, na Daktari Fabiola Umaña alikuwa na mengine ishirini na tisa. Alitoka San José alfajiri, akavuka milima kwa gari la chuo, na nyumba hii ilikuwa ya tano tangu asubuhi. Huku kwetu Nicoya watu wa miaka mia si habari; mtu wa themanini bado hutumwa dukani na akichelewa husemwa. Ndiyo maana wasomi hawaishi kuja. Safari hii walitaka kujua kwa nini wazee wengine huvuka mia vichwa vikiwa vizima kabisa, na ni kitu gani walichozaliwa nacho kinachowalinda. Novemba walikuja kuchukua mate, wakayapeleka kusomwa vinasaba. Januari wakaja na maswali.

Bibi Aniceta Matarrita, aliyebakiza siku kumi na mbili atimize miaka mia na mbili, hakuacha kazi kwa ajili ya maswali. Alikuwa anaosha mahindi yaliyochemshwa kwa majivu, anayasugua hadi maganda yatoke, na maji yanamwagikia miguu ya daktari.

"Rais wetu ni nani?"

"Yule aliyeahidi barabara."

"Jina lake?"

"Wote wanaahidi barabara, mwanangu. Nikishika majina yao nitaweka wapi ya watu wangu?"

Fabiola akaandika sifuri kwenye kishikwambi chake. Kilikuwa kishikwambi kigumu: ama sifuri ama moja, hakina mahali pa kuandika "amejibu vizuri kuliko nilivyouliza".

"Haya, toa saba kwenye mia."

"Saba za nini?"

"Za chochote. Tuseme rosquilla."

Hapo Bibi Aniceta akainua uso. Rosquilla ndizo zilizomlea yeye na wanawe: pete ndogo za mahindi na jibini, zikiokwa hadi zinalia ukizing'ata. "Rosquilla huuzwa kwa dazeni. Akija mtu kutaka saba nampa kumi na mbili, halafu namsemea kwa mama yake."

Sifuri. Akaambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alishika penseli kama anavyoshika kisu cha kuchunia, akachora duara moja, la mviringo safi kama tortilla, ile chapati ya mahindi, maana mkono huo umeikanda miaka tisini. Ndani hakuweka kitu.

"Na namba?"

"Saa tano maharage yanatokota. Ukiyasikia, umejua. Namba za nini?"

Swali la mwisho ndilo lililotuletea balaa lote. Fabiola akaweka kishikwambi pajani, akasema polepole, "Sasa nakupa maneno matano, Bibi. Ndimu. Daraja. Kiatu. Kijani. Kengele. Usiniambie sasa. Yashike kichwani mpaka nikuulize."

"Nisiseme mpaka uniulize?"

"Ndiyo."

"Kama bomba basi."

"Kama nini?"

"Bomba, binti! Marimba ikiwa inalia hurushi mashairi yako. Unangoja mtu apige kelele, 'Bomba!', marimba inyamaze, ndipo unaitupa ile mistari yako minne. Ukitupa kabla, huna adabu."

"Sawasawa kabisa," Fabiola akasema. "Ngoja nikuite."

Basi Bibi Aniceta akangoja. Lakini binti yake, Delfina, akaingia na sahani. Delfina ana miaka sabini na minne, na kwa imani yake mgeni akitoka nyumbani bila kula, aibu itawafuata hadi makaburini. Ukaletwa wali uliokaangwa na maharage meusi, jibini, tortilla za moto na kahawa. Fabiola akala tortilla tatu, ya nne akaomba mwenyewe. Dereva akapiga honi. Nyumba mbili zilikuwa bado. Daktari akakumbatia kila mtu, akasahau hata mtandio wake, akarudishiwa dirishani, gari likaondoka na vumbi lake.

Bibi Aniceta akabaki mlangoni kama mtu aliyeachiwa mtoto na mwenzake aliyesema anakwenda chooni tu.

Usiku ule, hotelini, kishikwambi kilikataa kufunga fomu yenye pengo. Fabiola alikuwa anasinzia, na pengo likajazwa sifuri tano.

*

Barua ilifika Jumatano kwenye simu ya Yorleny, binti wa Delfina, muuzaji katika duka la misumari na saruji. Yorleny ana moyo mzuri na mdomo wa redio. Aliisoma kwa sauti jikoni, bibi yake akiwa kisimani.

"'Amepata alama kumi na mbili kati ya thelathini. Dalili za upungufu mkubwa wa akili.' Mama, umesikia? 'Inashauriwa asiachwe peke yake na moto wala visu. Daktari atakuja Jumapili kumhamishia kundi la wagonjwa.'"

Delfina akakaa juu ya gunia la mahindi. "Lakini jana tu ameniambia nimezidisha chumvi."

"Ulikuwa umezidisha?"

"Nilikuwa nimeitia mara mbili." Akashika kichwa. "Ee Mama wa Guadalupe. Yorleny, mimi ndiye ninayetia chumvi mara mbili. Miwani yangu juzi ilikuwa kwenye friji. Wale watu si walisema mambo haya yamo katika damu? Kama yeye ameanza kuanguka, mimi niko ngazi ya ngapi?"

Yorleny akizidiwa hufanya kazi. Akakusanya visu vyote akavifungia kabatini. Delfina akaliendea jiko la kuni, lile la udongo lenye moto unaofunikwa majivu kila jioni na kufukuliwa kila alfajiri tangu yeye mwenyewe akiwa tumboni, akalimwagia ndoo ya maji. Moshi ulipanda mweupe, ukajaa nyumba nzima. Kisha akachukua kiberiti akakificha.

Bibi Aniceta alirudi na ndoo yake, akasimama. Akatazama jiko. Akamtazama Delfina aliyekuwa anafuta macho na kusingizia moshi.

"Moto umezimika," alisema.

"Tutapikia gesi, mama."

"Nani aliuzima?"

"PUMZIKA, BIBI!" Yorleny akapaza sauti, neno mojamoja, kama anaita meli. "UTAPUMZIKA! SAWA?"

"Yorleny, mjukuu wangu, nani amekuwa kiziwi humu?"

Tangu hapo maisha ya Bibi Aniceta yakawa ya kukalishwa. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Alipewa uji kwa kijiko cha mtoto, na mtu akawa anamwangalia akimeza. Walimletea tortilla za pakiti, bei yake koloni mia nane, zinanyumbulika kama soli ya kandambili; akaikunja moja mara tatu, akaiachia, ikafunguka yenyewe, akairudisha sahanini kwa heshima zote. Alipoinuka kwenda chooni watu wawili waliinuka naye. Alipoomba kisu ili amenye muhogo aliambiwa muhogo umeshamenywa, na muhogo ulikuwa pale unamtazama na maganda yake.

Kilichomuuma zaidi kilikuja Ijumaa, pamoja na viatu vya Mzee Chepe Villagra.

Viatu hivyo huwa vinafika kabla ya mwenyewe. Ni buti mpya zinazolia kwii-kwaa, alizozinunua akiwa na miaka tisini ili aonekane bado ana mipango. Chepe hupiga marimba, ni mjane, na kila Ijumaa huja kununua rosquilla dazeni moja huku akiwa amebeba ndimu za mti wake, moja tayari mdomoni. Kwa miaka arobaini, sherehe ya kuzaliwa kwa Aniceta hufunguliwa kwa bomba: Chepe anamrushia, yeye anarudisha, na ndipo watu huruhusiwa kula.

"Dazeni yangu, malkia," alisema, akiweka ndimu mezani.

Delfina akawahi kujibu, tena juu ya kichwa cha mama yake, kama mtu anayeongea juu ya ua. "Hakuna rosquilla, Mzee Chepe. Mama haoki tena. Hakumbuki vitu."

"Hakumbuki? Huyu? Wiki iliyopita amenisema kwa wimbo nilioukosea kwenye harusi ya dada yenu, na dada yenu ana wajukuu!"

"Imeandikwa na daktari. Na Jumapili tafadhali msimrushie bomba. Akikwama mbele ya watu itakuwa aibu."

Chepe akamgeukia Aniceta, akingoja tusi. Tusi halikuja. Bibi Aniceta alikuwa anamtazama binti yake jinsi mtu anavyoutazama mtungi wake mzuri aliouona una ufa. Chepe akavaa kofia, akaondoka, na safari hii hata viatu vililia taratibu.

*

Jumapili upepo wa Januari ulikuwa unapeperusha vitambaa vya meza na kofia za wanaume. Majirani wote walikuja. Nyama ya nguruwe ilipikwa uani kwa Yorleny, na keki ililetwa kutoka mjini ikiwa na mishumaa mitatu yenye tarakimu: moja, sifuri, mbili. Mwenye siku yake alikalishwa pembeni kwenye kiti chenye mto, amevalishwa shali wakati kuna joto, na kila aliyemsalimia aliinama na kupaza sauti.

"UNANIKUMBUKA MIMI NI NANI, BIBI?"

"Wewe ni Óscar, uliyeiba embe zangu ukaugua tumbo, ukaniambia ni malaria. Usinitemee mate."

Óscar alicheka, lakini akasema kando kwamba maskini, mambo ya zamani huwa yanabaki mwisho.

Fabiola alifika na fomu mkononi. Hakuwa na furaha. Alimvuta Delfina kando. "Nasikitika sana. Unahitaji kutia sahihi hapa tumhamishe kundi. Tena kuna jambo la ajabu. Majibu ya mate yametoka. Ana kinasaba kimoja kinachojulikana kwa kuleta usahaulifu uzeeni. Si kila aliye nacho hupotea, na alivyofika mia na mbili nilidhani yeye amekiepuka. Nilikuwa natarajia kujua ni nini kingine ndani yake kinachomlinda. Basi, naona hakikumlinda."

Delfina hakusikia mengine. "Anacho," alisema. "Basi na mimi ninacho."

"Si lazima. Mzazi hukupa nusu tu ya alichonacho. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa siyo. Na hata ukiwa nacho, si hukumu."

"Miwani yangu ilikuwa kwenye friji, daktari."

Fabiola alikuwa bado ameinyoosha fomu marimba ilipoanza. Chepe na wenzake wawili walikuwa wameisimamisha barazani, na vijiti vikawa vinakimbia kama mvua kwenye bati. Watu wakasahau huzuni, maana marimba haina adabu na huzuni. Kisha Chepe, ambaye alikatazwa, akainua vijiti juu. Marimba ikakatika katikati ya wimbo.

"Bomba!" akapiga kelele.

"Mzee Chepe!" Delfina akalia. "Tulikubaliana!"

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilivaa kofia tu." Akamgeukia mwenye siku, mkono kifuani:

"Aniceta ua langu,
wamesema umechoka;
wautunza moyo wangu
au umeshakutoka?"

Watu walitazama sahani zao. Bibi Aniceta akavua shali, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ule mto. Kisha akainuka, na watu wawili wakainuka naye, akawatazama mpaka wakakaa. Lakini hakumwendea Chepe. Alikwenda moja kwa moja kwa Fabiola.

"Binti, uliniambia nisiseme mpaka uniulize."

"Samahani, Bibi?"

"Nisiseme mpaka uniite. Nikasema sawa. Ukala, ukaondoka. Leo siku ya kumi na mbili nimebeba mizigo yako kichwani, nalala nayo, naoga nayo, hata kuomba naogopa isije ikachanganyika na watakatifu. Je, utaniuliza, au nife nayo?"

Fabiola akafungua mdomo. Ungeweza kuona jinsi ile siku ilivyomrudia usoni: honi, tortilla ya nne, mtandio, pengo kwenye fomu. Mashavu yakamgeuka rangi. Siku kumi na mbili! Kwenye mtihani ule huwa wanangoja dakika tano.

"Ninakuuliza," alisema kwa sauti ndogo. "Bibi Aniceta, maneno gani matano niliyokupa?"

"Si hivyo. Tumeshaitana kwa marimba."

Fabiola akawaangalia watu. Akavuta pumzi, akapiga kelele kwa sauti ya mtu wa mjini ambaye hajawahi, "Bomba!"

Na Bibi Aniceta akamgeukia Chepe, mikono kiunoni:

"Kiatu chako kengele,
chasikika darajani;
umekula ndimu tele,
umegeuka kijani!"

Kelele iliyozuka iliwarusha kuku hadi juu ya paa. Óscar alipiga meza mpaka sahani zikaruka. Chepe, aliyekuwa na ndimu mdomoni wakati huo, alipaliwa, akapigwa mgongo, akawa anacheka na kulia pamoja, na kweli alikuwa na kijani fulani. Fabiola peke yake alikuwa anahesabu kwa vidole: kiatu, kengele, daraja, ndimu, kijani. Vidole vitano. Akavihesabu tena, kana kwamba mkono wake nao una upungufu.

"Ngoja, lipo la pili," Bibi Aniceta akasema. "Hili la bure.

Daktari wa mjini
kapima yangu akili;
jibu langu li kichwani,
kasahau yeye swali!"

Fabiola akaichana ile fomu mara mbili. "Makosa ni yangu, jamani. Nilisahau kuuliza, na yeye akaandikiwa sifuri. Nisameheni. Bibi, kwa nini hukusema lolote siku ile?"

"Mgeni anakula, nimkumbushe kazi? Nimelelewa wapi?"

"Na siku zote hizi mama!" Delfina akamjia mama yake. "Tumekuzimia moto, tumekunyima kisu, tumekulisha kwa kijiko, umenyamaza! Kwa nini hukupiga kelele?"

Hapo kicheko kikapungua kidogo. Bibi Aniceta akamshika binti yake mkono, akaupigapiga.

"Nilidhani ni wewe, mwanangu. Natoka kisimani nakuta umemwagia moto maji. Unaficha visu. Unaninunulia tortilla za mpira. Nikasema, maskini Delfina wangu, kichwa kimeanza kumwacha. Nikanyamaza nisikuaibishe mbele ya mtoto wako."

Delfina akacheka kicheko ambacho nusu yake ilikuwa kilio. "Huenda ni kweli. Daktari amesema kitu hicho kimo katika damu yako. Mimi nasahau, mama. Nasahau kila kitu. Miwani kwenye friji, chumvi mara mbili."

"Nani amekwambia huo ni uzee?" Bibi Aniceta akawageukia watu wote, maana sasa alikuwa shahidi mahakamani. "Huyu akiwa na miaka sita nilimtuma mtoni na ndama, akarudi na maua. Ndama tulimpata kesho yake. Akiwa na tisa alikwenda kanisani na viatu akarudi bila viatu. Siku ya harusi yake bwana harusi yuko altareni, yeye yuko nyumbani anatafuta shela, na shela iko kichwani! Chumvi ametia mara mbili tangu alipojifunza kupika. Delfina, wewe hujaanza kusahau. Wewe hukuwahi kuanza kukumbuka."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Delfina alikuwa amesimama katikati yao, machozi yanamtiririka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mzigo alioubeba tangu Jumatano si wake.

"Hata shela?" Yorleny akauliza, macho yamemtoka. "Mama, hilo hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa nimelisahau," Delfina akasema.

Fabiola, akifuta macho, akasema sayansi ingekuwa rahisi kama kila mtu angekuwa na shahidi wa namna hiyo, aliyemjua tangu kuzaliwa na hajapoteza kitu. Akatoa kichupa kwenye mkoba. Kama Delfina yuko tayari, na yeye ateme mate. Wangetafuta mama amempa nini binti, na ni kitu gani hicho kinachokaa karibu na kile kinasaba kibaya na kukifunga mdomo. Delfina akakubali. Akatema. Mate yakapita kichupa, yakatua kwenye buti la Chepe.

"Hata kutema hakurithi," mama yake akasema.

Ilipofika saa ya keki, Yorleny akasimamisha tarakimu zake tatu. "Mama, kiberiti."

Delfina akatia mkono mfukoni. Akaenda kabatini. Akainua mto, akaangalia nyuma ya picha ya Bikira, akafungua friji. Akasimama katikati ya jikoni, kidole mdomoni.

"Nilikificha Jumatano," alisema. "Mahali pazuri sana."

"Kopo la mchele, chini kabisa," Bibi Aniceta akasema bila kugeuka. "Ukifika, na miwani yako imo."

Akakipokea kiberiti, lakini hakuiendea keki. Alikwenda kwenye jiko la udongo. Akakwangua majivu yaliyoloa, akapanga maganda makavu ya mahindi, juu yake vijiti, juu ya vijiti kuni mbili. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili ikashika. Watu wakaacha kuongea hadi moto ulipoanza kuongea wenyewe. Mishumaa ya keki iliwashwa kwa kijinga cha moto kutoka humo, na kisu cha kukatia alishika yeye.

Jua lilikuwa limelala upande wa bahari Fabiola alipoaga, mfuko wa rosquilla mkononi: dazeni kamili. Bibi Aniceta akamsindikiza hadi kwenye gari, akaegemea dirisha.

"Sasa zamu yangu. Chumvi. Dirisha. Ng'ombe. Upepo. Kijinga. Usiniambie sasa. Nitakuuliza mwakani, siku kama ya leo."

"Mwakani, Bibi?"

"Kwani wewe una safari?"

Gari likashuka mlima na vumbi lake. Ndani, daktari alikuwa anayarudia kwa midomo, chumvi, dirisha, ng'ombe. Alipofika darajani alikuwa amebaki na manne.